Feni, AC ya maji au AC yenyewe? Kwa anayeungua na joto la Dar

Kila kaskazi ikianza kuvuma, kuanzia Disemba hivi mpaka Machi masika yakikaribia, napigiwa simu zile zile. Shemeji yangu wa Mbagala, jamaa mmoja wa ofisini, binamu aliyehamia Dodoma, wote swali moja: niongeze feni nyingine, nichukue ile "AC ya maji" wanayouza Kariakoo, au nijikaze tu nifunge AC yenyewe? Mi sio fundi wala daktari, ila vitu vyote vitatu nimeishi navyo kwenye nyumba ya kupanga hapa Tabata, na kimoja nilikinunua kwa kuingizwa mjini kabisa, kwahiyo ngoja niandike mara moja kila mtu asome mwenyewe.

Kwanza tuelewane adui ni nani. Joto la Dar ukiangalia namba sio la kutisha. Mchana wa Februari nyuzi 32, 33, usiku 25 au 26. Mtu wa Muscat akisikia hivyo anacheka, kwao Juni inavuka 40 na watu wanaendelea na maisha. Shida yetu sisi ni fukuto. Hewa ya pwani imeshashiba maji, kwahiyo jasho linatoka lakini halina pa kwenda, linateremka tu mgongoni mpaka kwenye mkanda wa suruali. Na mwili haupoi kwa jasho kudondoka jamani, unapoa jasho likikauka. Likidondoka limekupotezea maji na chumvi bure.

Kwahiyo kabla hujatoa hata mia fanya kitu kimoja. Fua jinzi, ikamue kwa mkono, ianike ndani ya chumba jioni madirisha yakiwa wazi, asubuhi iguse mifukoni na kiunoni. Ya kwangu Tabata mwezi wa pili ilikaa siku mbili na ikaanza na ule uvundo. Kwa binamu Dodoma mwezi wa kumi alfajiri ilikuwa imekakamaa unaweza kuisimamisha ukutani. Jinzi hiyo inajua kuliko muuzaji yeyote ununue kipi.

AC ya maji

Naanza na hii kwa sababu ndo inayowaliza watu wengi. Wanaiita air cooler, wengine AC ya maji, wengine "AC isiyokula umeme". Ndani yake hakuna AC yoyote. Ni feni yenye tanki la maji na pedi za matundu matundu kama sega la nyuki, kuna kapampu kanazimwagia maji hizo pedi, feni inavuta hewa ipite humo, maji yanageuka mvuke na yakigeuka yanaibeba na joto. Ni akili ile ile ya mtungi wa bibi. Mtungi unapooza maji kwa sababu unatoka jasho na lile jasho linakauka. Sasa kama jinzi yako haikauki, mtungi utakauka vipi?

Ukitaka hesabu, hii hapa. Chukua usiku wa Dar, nyuzi 28, unyevu asilimia 80. Hapo hata ukiwa na mashine ya aina hii iliyo bora kuliko zote duniani haiwezi kuishusha hewa chini ya nyuzi 25 na ushee, na hizi za kwetu zikijitahidi zinakupa 26. Nyuzi mbili tu, tena za dakika chache za mwanzo, baadaye chumba kizima kimejaa mvuke na hata hizo mbili huzioni. Sasa peleka dude hilo hilo sehemu ambayo mchana ni nyuzi 32 lakini unyevu asilimia 30. Pale linaweza kushusha nyuzi 8 hivi. Mashine ni ile ile, maji ni yale yale, hewa ndo tofauti.

Mimi sikujua. Niliingia duka moja Kariakoo jua la saa saba, jasho linanitoka, muuzaji akaniambia weka mkono hapa kaka, nikaweka, aisee baridi. Nikatoa 185,000 nikabeba boksi kwenye bodaboda. Miezi kadhaa baadaye ndo nikagundua kitu, lile duka lenyewe lilikuwa na AC ya ukutani. AC inakausha hewa, hewa kavu inalipa lile dude nguvu, kwahiyo pale dukani lilikuwa linapuliza baridi kweli kweli. Hakunidanganya kwa mdomo, alinidanganya kwa chumba.

Usiku wa kwanza nikafunga madirisha yote kama vile nina AC. Saa nane usiku nikaamka naona mto umelowa, nikadhani ni jasho, kumbe hata shuka la upande ambao hakulala mtu lilikuwa na unyevu. Kioo cha kabati kina ukungu. Daftari la mtoto la hesabu kurasa zimejikunja kama bamia. Baada ya wiki mbili ukuta wa nyuma ya kabati ukaota fangasi za kijani, na mtoto mwenyewe alikuwa na kifua cha kubana, unaweza kufikiria maneno niliyoambiwa na mama yake.

Halafu kuna wale wa "weka barafu kwenye tanki". Niliweka pia. Barafu kilo 2 ikiyeyuka yote imefanya kazi ambayo AC ndogo ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) inaifanya kwa dakika tano hivi. Dakika tano! Na hiyo barafu umeigandisha kwenye friji ambalo mgongoni kwake linatema joto jikoni kwako, kwahiyo umelihamisha joto kutoka chumba hiki kwenda kile halafu umelipia umeme.

Kingine watu hawakisemi ni mbu. Mbu wa dengi anataga kwenye maji masafi yaliyotulia na anauma mchana, na sisi Dar 2019 dengi tuliiona. Tanki la lita 8 lililosahaulika nyuma ya mlango ni nyumba ya kulala wageni ya mbu. Ukiwa nalo limwage kila siku unapomaliza, likaushe, sio kuongezea tu maji juu ya maji.

Sasa nisiitukane sana, kwa mtu wa Dodoma, Singida, Shinyanga kwenye miezi ya ukavu hii kitu ni nzuri na umeme wake ni kama feni tu, wati 80 mpaka 100 kwa hizi ndogo. Masharti mawili. Dirisha liwe wazi upande wa pili ili mvuke utoke, na ujue mvua zikianza nguvu yake inashuka. Hata ndugu zetu wa Oman wana hiyo tofauti ndani ya nchi moja, wa Nizwa huko bara kukavu inaweza kumfaa, wa Muscat pwani siku ya fukuto atalia kama mimi.

Feni

Feni haipoozi hewa. Hili naomba watu walielewe kwa sababu kuna mtu anaiacha feni inazunguka chumba kitupu kutwa nzima "ili akirudi akute baridi". Atakuta bili. Feni inampooza mtu, sio chumba. Inafukuza ile hewa ya mvuke iliyokuganda mwilini, inaleta nyingine, jasho linapata nafasi ya kukauka. Ukitoka zima.

Na hapa ndo Dar tuna bahati ambayo hatuijui. Ngozi yetu ina nyuzi kama 35 hivi. Hewa ikiwa chini ya hapo feni inakusaidia mara mbili, inachukua joto la ngozi na inakausha jasho. Dar hata siku mbaya tuko chini ya hapo kidogo. Shirika la Afya Duniani wanasema feni itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40, zaidi ya hapo inakupulizia moto, ni kama ile mashine ya saluni ya kukaushia nywele. Hija ya 2024 Makka ilifika nyuzi 51.8 na serikali ya Saudia ikatangaza vifo 1,301, wengi wakiwa ni waliotembea juani bila kibali na bila pa kujihifadhi. Kwa joto la namna ile feni kavu haina msaada, unahitaji kivuli, maji juu ya mwili na chumba cha AC. Kwahiyo ndugu yako aliye Ghuba akikwambia feni ni takataka mwamini, kwake ni kweli. Kwako Tabata sio kweli.

Gharama? Feni ya stendi ya wati 55 ikiwaka saa 10 kila usiku inakula uniti 16 na nusu kwa mwezi. Kwa bei ya uniti shilingi 356 tunayoinunua wengi kwenye LUKU, ile mita ya kulipia kabla, ni kama 5,900. Soda saba, nane hivi.

Kati ya pangaboi na ya stendi mi nachagua pangaboi kama dari ni imara na kuna mahali pa kulifunga, linapuliza wote kitandani na mtoto hawezi kuingiza kidole. Ila lina tabu moja, kama nyumba ni ya bati na dari yake nyembamba, mchana linakuteremshia joto la darini kichwani. Na ya stendi ina akili zake. Saa moja, mbili za jioni hewa ya nje ishapoa lakini ndani bado tanuri, kuta zimeshika joto la kutwa. Muda huo geuza feni iangalie dirishani ITOE hewa nje, fungua mlango au dirisha la upande mwingine, acha nusu saa. Ukienda kulala ndo uigeuze kwako. Nilimfundisha jirani akaniona nina wazimu, sasa hivi anafundisha watu yeye.

Tatizo madirisha yetu. Haya ya aluminiamu ya kuslaidi yanafunguka nusu tu, nusu nyingine siku zote ni kioo, kwahiyo umejenga dirisha la futi tano unapata upepo wa futi mbili na nusu. Zile nyumba za zamani zenye madirisha ya mbao ya kufungua mabawa yote mawili na korido katikati ya vyumba sita, tulizikimbia tukiziona za kishamba, kumbe zilikuwa zinapumua.

Ukitaka nguvu ya ziada kwenye feni, lowesha kanga, ikamue, jifunike kifuani na miguuni, halafu feni iwake. Hii ni tofauti na AC ya maji ingawa zinafanana, hapa maji yako kwenye ngozi yako na dirisha liko wazi, mvuke unaenda zake. Mi nalowesha fulana. Mke wangu anasema nitaumwa nimonia, mpaka leo bado naisubiri. Baridi haina vijidudu.

Chandarua. Watu wengi msimu wa joto wanakikunja kwa sababu kinazuia upepo, na ni kweli kinazuia, lakini malaria haijui kama leo kuna joto. Ninachofanya naiweka stendi karibu na kitanda upande wa miguuni iwe juu kidogo, nusu mita kutoka kwenye chandarua, upepo unapenya wa kutosha. Ukiiweka kule mlangoni hutapata kitu.

Umeme ukikatika, hizi feni za kuchaji zinasaidia, nunua moja hata ndogo kama una mtoto mchanga au mzee. Wakati ule wa mgao wa 2023 kuingia 2024 sisi tulikuwa tunalala kibarazani kwenye mkeka na mbu wanatula.

AC yenyewe

Hii nilifunga kwa sababu ya mama. Mama ana miaka 71, alikuja kutoka Kondoa mwezi wa pili, ana dawa za presha zile za kukojoza. Chumba alicholala kiko upande wa machweo, ukuta unapigwa na jua kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili. Siku ya nne nikamkuta kakaa kwenye kona ya kitanda, jasho chepe chepe, kichefuchefu, kichwa kinamgonga, akisimama anaona giza. Sisi wote mawazo malaria. Tukampeleka akapimwa, hamna. Mhudumu akamuuliza mama unakunywa maji kiasi gani, mama akasema nusu kikombe na dawa, si naogopa kwenda chooni usiku mwanangu. Ile dawa inatoa maji, joto linatoa maji, na yeye anayabania. Akapewa ORS, yale maji ya chumvi na sukari, akanywa taratibu, tukamvulisha, tukampangusa maji na feni juu, jioni akaanza kunigombeza kama kawaida, nikajua kapona.

Hapo tulikuwa na bahati kwa sababu bado alikuwa anaongea vizuri na anatoka jasho. Ikifika mtu anachanganyikiwa, anaongea visivyoeleweka, anatapatapa kama degedege au anazimia, na mwili ni wa moto, hiyo sio ya kusubiri jioni. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, barafu kwapani, shingoni na kinenani, na wakati huo huo mtu mwingine anatafuta gari. Usimpe kinywaji mtu ambaye hajitambui, kitaingia kwenye mapafu. ORS ikikosekana nyumbani, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima, usikadirie, chumvi ikizidi unamuumiza.

Basi nikafunga AC chumba kimoja tu, cha mama, inverta ya BTU 9,000, yaani ile inayopunguza mwendo chumba kikipoa badala ya kuzima na kuwaka. Kitu kilichonishangaza sio baridi. Ni ndoo. Fundi aliacha bomba la maji linadondokea nje, nikaweka ndoo ya lita kumi, asubuhi iko nusu. Lita tano za maji zimetoka kwenye hewa ya chumba kimoja cha kulala! Yale maji yote zamani yalikuwa yanaelea juu ya kitanda. Hapo ndo nikaelewa kwanini lile dude la Kariakoo lilikuwa upuuzi, mwenzake anatoa maji chumbani, lenyewe linaongeza.

Sasa umeme, na hapa usome taratibu. Inverta ndogo kwenye chumba kilichofungwa vizuri inaenda kama nusu uniti kwa saa ukiwianisha usiku mzima. Saa nane ni uniti 4, mwezi uniti 120, kwa 356 ni shilingi 42,720. AC ya kawaida isiyo inverta ya ukubwa huo huo ilimlia rafiki yangu kama uniti 5 na nusu kwa usiku, karibu elfu 59 kwa mwezi. Tofauti ya bei dukani inarudi yenyewe.

Ila kama uko kwenye ile tarifu ya wanaotumia umeme mdogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hesabu yako inabadilika sana. Pale uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, lakini ukivuka 75 kila uniti inayozidi ni 350. Tuseme unatumia 60 kwa mwezi, unalipa 6,000. Ukiongeza AC ya uniti 120 unafika 180, za kwanza 75 ni 7,500, zilizobaki 105 ni 36,750, jumla 44,250, na bado kodi. Bili imeruka mara saba kwa kitu kimoja. Na ukiendelea hivyo unahamishwa kabisa tarifu, kurudi ni shughuli. Feni nayo ihesabu, ila hata tatu ni kama uniti 50 kwa mwezi, sio 120.

Na kama LUKU ni ya kuchangia na wapangaji wenzako usiifunge kabla hamjaongea. Nimeshuhudia nyumba nzima inagombana kisa AC ya mtu mmoja, mama mwenye nyumba akaikata waya mwenyewe na kisu cha jikoni, bahati umeme ulikuwa umekatika.

Ushauri mdogo mdogo. Usiweke 16. Weka 27 halafu washa na feni, hii ni ya Shirika la Afya Duniani tena, wanasema mwili unaona kama imeshuka nyuzi 4 zaidi na gharama ya kupooza inaweza kupungua hadi asilimia 70. Mi nilidhani ni porojo mpaka nilipojaribu, maana ile kazi ya kukausha hewa inafanyika hata kwenye 27. AC iwe na waya wake na breka yake kutoka kwenye mita, usiichomeke kwenye ekstensheni yenye friji na pasi. Filta ioshe kila wiki mbili, ni dakika tano na bomba la maji. Na fundi akija akakwambia "gesi imeisha, ongeza laki", muulize imeenda wapi. Gesi ya AC hailiwi, inazunguka humo humo miaka yote, ikipungua kuna mahali inavuja, azibe kwanza ndo ajaze.

Chumba kiwe kimefungwa kweli. Nyumba ambayo ukuta haujafika juu au dari ina matundu, AC inapooza mtaa. Na kwa kuwa kimefungwa, usiingize jiko la mkaa hata la kukaushia nguo, wala jenereta isikae dirishani. Ule moshi usioonekana unaua watu wamelala.

Kabla ya vyote hivi, angalia juu

Kama nyumba ni yako, mi ningekwambia hela ya kwanza isiende kwenye mashine. Bati jua la saa nane huwezi kuliwekea mkono, na lile joto linamulika chini kama jiko. Weka dari kama haipo, acha matundu ya hewa kwenye kenchi joto la juu ya dari litoke, na ukiezeka upya kwa hayo mabati ya msauzi chagua rangi nyeupe au ya krimu. Watu wanapenda maruni na nyeusi kwa sababu inapendeza kwenye picha, halafu wanakuja kununua AC mbili. Bati la zamani lenye kutu lipake rangi nyeupe ya mabati, ni kazi ya siku moja. Mpangaji huwezi paa la mtu, ila ukuta wa machweo unaweza, sisi tuliegesha makuti nje kwa fremu ya mbao za elfu kumi na tano, ukuta wa mama ukawa unagusika jioni. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia.

Kwahiyo wale walionipigia

Shemeji wa Mbagala ana vyumba viwili, LUKU ya umeme mdogo, watoto wawili wakubwa wa afya. Nimemwambia pangaboi moja, stendi moja, rangi nyeupe juu ya bati, basi. AC asahau, na watoto wakitoka harara shingoni awaogeshe maji ya baridi awaache vifua wazi, sio kuwapaka poda mpaka wanakuwa kama maandazi. Kajibu "sawa" ile ya kuonesha hajaridhika, alitaka nimwambie AC.

Jamaa wa ofisini mke wake ana ujauzito wa miezi saba na baba mkwe mwenye kisukari anahamia kwao. Huyo afunge AC chumba kimoja, inverta, na siku joto likizidi wote walale humo hata kama ni godoro chini. Hapa sio suala la starehe, mjamzito, mzee na mtoto mchanga miili yao haivumilii kama ya kwetu. Akaniuliza sebuleni je, nikamwambia sebuleni ni kwa ajili ya kuonesha wageni, weka feni.

Binamu wa Dodoma ndo nimempa lile dude langu. Lilipanda buti la basi na gunia la nazi juu yake, likafika na ufa kwenye tanki akauziba na gundi. Mwezi wa kumi kanitumia picha saa nane mchana, kajifunika blanketi.